Wanaishangilia Baiskeli Wakiwa Ndani ya Gari

Kwa siku nane za mwezi Septemba 2025, kuanzia tarehe 21 hadi 28, macho ya wapenzi wa mchezo wa baiskeli duniani kote yalielekezwa Kigali. Kwa mara ya kwanza tangu yaanzishwe, mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika katika ardhi ya Afrika, tena hapa jirani, mahali ambapo basi la abiria kutoka Dar es Salaam hufika. Homa yake ilivuka mpaka wa Rusumo. Katika maofisi, katika vyumba vya walimu na katika baa za mjini, watu ambao kwa mwaka mzima hawana mjadala mwingine isipokuwa Simba na Yanga walisikika wakitaja majina ya Waslovenia na Wabelgiji kana kwamba wamekua nao mtaa mmoja.

Na kwa kweli yalikuwa mashindano ya kutazamwa. Siku ya mwisho wanaume walishindana umbali wa kilometa 267.5, na ukijumlisha vilima vyote walivyopanda, kimo chake kilifikia mita 5,475. Miongoni mwa vilima hivyo kilikuwapo kile cha Kimihurura kilichotandikwa mawe, ambacho hata mtembea kwa miguu hukipanda akihema. Walioanza walikuwa 165. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Tadej Pogačar wa Slovenia aliwaacha wenzake na kukata zaidi ya kilometa 60 akiwa peke yake, akashinda, na nyuma yake akafuata Remco Evenepoel wa Ubelgiji. Ili jambo hilo liwezekane, Serikali ya Rwanda ilifunga barabara, ikafunga shule za mji mkuu kwa wiki ile, na ikawaelekeza watumishi wake wafanyie kazi nyumbani. Wananchi walijaa kando ya lami na juu ya kuta, wakapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu.

Jumatatu iliyofuata, mtumishi wa Dar es Salaam aliyeketi mbele ya televisheni Jumapili nzima akimshangilia Pogačar aliingia katika gari lake kwenda kazini. Kabla hajafika Ubungo alimkuta mbele yake mtu mzima mwenye baiskeli ya Phoenix, nyuma amefunga tenga la samaki waliotoka Feri alfajiri, anakanyaga ukingoni mwa lami kwa sababu mahali pengine pa kupita hapana. Honi ilipigwa. Kioo kilishushwa. Maneno yaliyotoka hayafai kuchapwa gazetini, lakini maana yake ilikuwa kwamba barabara ni ya magari, na kwamba mwenye tenga alikuwa anamchelewesha mwenye kazi. Mtumishi huyo hana jina, kwa kuwa wako wengi, na kila anayepita barabara za mji huu saa moja asubuhi amekwisha kumwona.

Hapana ubaya wowote katika kushangilia mchezo. Lakini panapokuwa na watu wanaomtukuza mpanda baiskeli kwa sababu amevaa jezi ya rangi na kumdharau mpanda baiskeli mwingine kwa sababu amevaa kanzu iliyochakaa, hapo mchezo umekwisha kuwa jambo la siasa. Ugonjwa huo una jina katika lugha ya nchi hii, nalo ni kasumba.

Kasumba hiyo ina historia. Zamani za ukoloni baiskeli ilikuwa heshima. Mwalimu wa shule ya misheni aliyekuwa na Raleigh yenye kengele na taa alijulikana kata nzima, na wazazi walitambua mlio wa mnyororo wake kabla hawajamwona mwenyewe. Katika miaka ya 1950 makatibu wa TANU walikwenda kijiji hadi kijiji kwa baiskeli, kadi za chama zikiwa ndani ya mkoba uliofungwa kwenye keria, na sehemu kubwa ya harakati za Uhuru ilisafiri kwa magurudumu mawili. Baada ya Uhuru bwana shamba, bwana afya na mratibu wa elimu waliwafikia wananchi kwa njia hiyo hiyo. Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, hakuhitaji hata baiskeli. Mwezi Oktoba 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, wala hapana aliyeona kwamba hadhi ya Taifa imeshuka kwa vumbi la viatu vyake.

Kisha wakazaliwa Wabenzi. Jina hilo walipewa na wananchi wenyewe, nalo ni moja ya majina yenye haki zaidi yaliyopata kutungwa katika lugha hii, kwa maana linaitaja kabila isiyokuwa na nchi ya asili, wala mila, wala tambiko, ila alama ya nyota ya pembe tatu mbele ya gari. Kabila hiyo ndiyo iliyofundisha kwamba maendeleo ya mtu hupimwa kwa umbali alioachana na baiskeli. Wanaoanza kazi wana baiskeli, wanaopandishwa cheo wana pikipiki, wanaoitwa waheshimiwa wana gari lenye vioo vyeusi. Mafundisho hayo yaliingia kila mahali, hata katika maneno ya mama anayemwonya mwanawe kwamba asiposoma ataishia kuuza mikate kwa baiskeli. Muuza mikate anayelisha mtaa mzima kabla jua halijachomoza amegeuzwa kuwa mfano wa kushindwa maisha.

Nchi ilikuwa na kiwanda chake cha baiskeli. Kampuni ya Taifa ya Baiskeli, NABICO, ilitengeneza baiskeli za Swala hapa hapa Dar es Salaam, na wako wazee wenye Swala zao mpaka leo. Kiwanda hicho kilikwisha kufa, kama vilivyokufa vingine, na vifo vya viwanda vina sababu nyingi ambazo si mahali pake hapa. Linalostahili kusemwa ni kwamba kilipokufa hawakuonekana wengi walioomboleza, maana waliokuwa na sauti ya kuomboleza walikuwa wamekwisha kupanda magari.

Sasa mashabiki wapya wa jezi ya njano yafaa waulizwe kama wanajua wanachokishangilia kilitoka wapi. Mashindano makubwa ya Ufaransa, Tour de France, yalianzishwa mwaka 1903 na gazeti la L'Auto lililotaka kuuza nakala nyingi kuliko mshindani wake. Hayo ni ya wenye mali. Lakini watu waliokanyaga walikuwa nani? Mshindi wa kwanza, Maurice Garin, ujanani alikuwa msafisha mabomba ya moshi, kazi ya watoto wa maskini ambao miili yao ilipita katika matundu yaliyojaa masizi. Fausto Coppi wa Italia, ambaye wengi humhesabu miongoni mwa mabingwa wakubwa kabisa wa mchezo huu, alianza kwa kupeleka nyama nyumba hadi nyumba kwa baiskeli ya duka la nyama. Alikuwa, kwa lugha ya Kariakoo, kijana wa oda. Miguu yake ilikomaa kwenye kazi kabla ya kukomaa kwenye mashindano.

Eritrea, ambayo leo ndiyo fahari ya Afrika katika mchezo huu, ilipata baiskeli kwa Waitaliano walioitawala. Wenyewe walishindana peke yao na kumweka Mwafrika pembeni, kwa hofu ambayo kila aliyetawaliwa anaielewa. Mwaka 1939 Waeritrea waliporuhusiwa kushindana nao, aliyeshinda alikuwa Mweritrea, Ghebremariam Ghebru. Tangu hapo baiskeli haikuwa tena chombo cha bwana. Asmara imekuwa mji wa baiskeli, mji ambao mzee wa heshima anakwenda nayo sokoni akiwa amevaa koti lake, na mwanafunzi anakwenda nayo shuleni, wala hapana anayewacheka. Kutoka katika nchi hiyo alitoka Daniel Teklehaimanot aliyevaa jezi ya mfalme wa milima katika Tour de France ya mwaka 2015. Na kutoka humo akatoka Biniam Girmay, ambaye mwaka 2024 alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mashindano hayo, akashinda tatu, na akarudi na jezi ya kijani. Mabingwa hao hawakuota juu ya lami kama uyoga. Wametoka katika nchi inayoiheshimu baiskeli siku za kazi.

Rwanda nayo haikuanza na Kigali ya mwaka 2025. Timu yake ya kisasa ilianza kujengwa mwaka 2007, na baadhi ya waendeshaji wake wa kwanza walikuwa vijana waliobeba abiria na mizigo kwa baiskeli ili wapate chakula cha siku. Makocha hawakuwatafuta katika klabu za matajiri, walikwenda kwa wale ambao mapafu yao yalikuwa yamekwisha kupanuliwa na vilima na magunia. Wala hapana haja ya kuificha upande wa pili wa sarafu: katika mji ule ule uliofunga barabara zake kwa ajili ya mabingwa, waendesha baiskeli za abiria wamewekewa mipaka ya barabara na mipaka ya saa. Bujumbura imekwenda mbali zaidi. Mwezi Machi 2022 baiskeli, bajaji na pikipiki zilipigwa marufuku katikati ya mji huo. Wale wanaume wa Burundi wanaoteremka milimani na mikungu ya ndizi kwa mwendo ambao ungemtia hofu hata bingwa wa dunia, mlango wa katikati ya mji umefungwa mbele yao.

Kenya ni mfano mwingine, na unauma. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Ujanani alijifunza kwa David Kinjah, Mkenya wa Kikuyu aliyekuwa akiwalea vijana wa kijijini kwa baiskeli za kuunga unga. Froome alishinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, na mara zote nne wimbo uliopigwa ulikuwa wa Uingereza. Na iwapo kuna anayetaka kujua neno bodaboda lilianzia wapi, basi na ajue kwamba lilianzia mpakani Busia, kwa vijana waliovusha watu kutoka boda hadi boda kwa baiskeli. Leo neno limechukuliwa na injini, na baiskeli iliyolizaa haikumbukwi.

Kuna jambo jingine ndani ya mchezo huu ambalo watazamaji wa haraka hawalioni. Katika Tour de France kila timu ina watu wanane, na kati ya hao wanane huenda mmoja tu ndiye anayetazamiwa kushinda. Wengine saba ni watumishi. Hao ndio wanaorudi nyuma kwenye gari la timu kuchukua chupa za maji na kuzisomba ndani ya jezi mpaka wanaonekana kama wachukuzi wa bandarini. Hao ndio wanaokaa mbele kuvunja upepo, maana anayekanyaga nyuma ya mwenzake huokoa karibu theluthi ya nguvu zake. Kiongozi akipata pancha, mtumishi humvulia gurudumu lake mwenyewe na kubaki kando ya barabara akisubiri. Jioni jina la mmoja huandikwa kwa herufi kubwa. Ikiwa katika mchezo huu pana somo la kijamaa, liko kwa hao saba. Lakini shabiki wa mjini huwatazama kwa jicho lile lile analomtazamia tarishi wa ofisi yake, yaani hawaoni.

Sasa utazamwe mji wenyewe. Kwa sensa ya mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Wengi wao hawana gari na hawatakuwa nalo. Wanatembea kwa miguu, wanabanana katika mabasi, na wako wanaopanda baiskeli: mafundi wa Vingunguti, walinzi wa usiku wanaorudi Mbagala, wauza maji, wauza mkaa, wauza nazi, wanoa visu ambao baiskeli zao ni karakana zinazotembea. Baiskeli za mabingwa haziruhusiwi kupungua uzito wa kilo 6.8, na zile za bei ya juu huuzwa kwa zaidi ya dola 10,000 za Kimarekani. Phoenix ya muuza mkaa ina uzito wa karibu kilo 20 kabla ya gunia la kwanza halijafungwa. Bingwa ana gari nyuma lenye fundi, daktari na gurudumu la akiba, na pikipiki ya polisi mbele inayomsafishia njia. Muuza mkaa nyuma yake kuna lori.

Haifai kusemwa kwamba hapana kilichopata kufanyika. Katika miaka ya 1990 Temeke na Morogoro zilikuwa sehemu za majaribio ya mpango wa kuboresha usafiri wa miguu na wa baiskeli, na wataalamu walihesabu, wakapima, wakaandika. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kubeba abiria katika barabara ya Morogoro mwezi Mei 2016, kando ya njia yake zilikuwapo njia za baiskeli, na mwaka 2018 mji huu ukapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Hayo ni mambo ya kujivunia. Lakini anayetaka kupita katika njia hizo kwa baiskeli na ajaribu. Atakuta pikipiki zinazokwepa foleni, magari yaliyoegeshwa na watu ambao walikuwa wanaingia dukani mara moja tu, na meza za bidhaa. Mmachinga asilaumiwe peke yake katika jambo hili, kwa sababu naye anatafuta riziki mahali penye watu. Mwenye gari aliyeegesha juu ya njia ya baiskeli hatafuti riziki, anatafuta kivuli. Askari wa usalama barabarani anayepita mbele ya gari hilo asiliandikie faini, kisha akamsimamisha mwenye baiskeli kumuuliza kengele iko wapi, ametoa hukumu juu ya nani mwananchi na nani si mwananchi.

Wanaopinga baiskeli mjini wana hoja zao, na zinarudiwa sana katika semina. Husemwa kwamba Dar es Salaam ina joto. Ni kweli, lakini joto hilo halikuanza leo, na waliomo ndani yake wakikanyaga ni wale wale ambao hawana namna nyingine, kwa hiyo hoja ya joto ni hoja ya kuwaongezea miti ya kivuli na wala si ya kuwanyima njia. Husemwa kwamba ofisa hawezi kufika ofisini akitokwa jasho. Hili linashangaza likitoka katika nchi ambayo iliwahi kuwaita raia wake wavuja jasho na kuona kwamba hilo ni jina la sifa. Bomba la maji na chumba cha kubadilishia nguo havijawahi kuishinda bajeti ya jengo lenye ghorofa kumi na lifti nne. Husemwa pia kuhusu vilima. Hapo ndipo mtu anapokosa la kusema. Kigali, mji wa vilima visivyohesabika, imepitishiwa mashindano ya dunia, na Dar es Salaam, tambarare kama mkeka kutoka Feri hadi Ubungo, inalalamikia milima!

Hoja inayopendwa kuliko zote ni kwamba baiskeli mjini ni mambo ya Wazungu wa Uholanzi, waliozaliwa nayo. Anayesema hivyo hajui historia ya Uholanzi. Baada ya Vita Kuu ya Pili nchi hiyo nayo iliyaabudu magari, ikabomoa mitaa kuyapisha, na mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000, miongoni mwao watoto zaidi ya 400. Wazazi ndio walioingia barabarani kupinga, na harakati yao waliipa jina ambalo kwa Kiswahili ni Komesheni Mauaji ya Watoto. Mwaka 1973 ikaja dhiki ya mafuta, na serikali yao ikapiga marufuku magari siku za Jumapili kwa majuma kadhaa. Njia za baiskeli ambazo leo wageni huzipiga picha hazikuletwa na hali ya hewa wala na damu ya Kizungu. Zilidaiwa na wananchi, na viongozi wakalazimika kuchagua upande. Tanzania yenyewe, katika miaka ile ya uhaba wa mafuta, ilizuia magari ya binafsi yasitembee Jumapili kuanzia saa nane mchana, na wenye umri wanakumbuka jinsi barabara zilivyorudi kuwa za watoto na baiskeli. Mafuta yalipopatikana, tofauti na Waholanzi, somo lilirudishwa kabatini.

Yapo mabadiliko fulani mjini, na yafaa yatajwe kwa haki. Alfajiri ya Jumamosi barabara ya Bagamoyo huonekana makundi ya wapanda baiskeli wenye kofia ngumu na nguo za kubana, wengi wao watu wenye nafasi zao, gari likiwafuata nyuma na taa za tahadhari. Si adui hao. Lori halichagui cheo, nao wanajua. Lakini mtu anayehitaji gari la kumlinda ili apande baiskeli katika mji wake mwenyewe amekwisha kukiri kwamba mji huo si salama. Katika makundi hayo wamo wahandisi, wanasheria, wakurugenzi na wenye kampuni. Sauti zao husikika katika milango ambayo mnoa visu hawezi kuikaribia. Wakiisha kushuka saa tatu asubuhi, baiskeli hufungwa juu ya gari, na mpaka Jumamosi nyingine suala la njia ya baiskeli halizungumzwi. Laiti wangepanda hata Jumanne moja, kutoka nyumbani hadi kazini, bila gari la kuwafuata, barua kwa wizara ingeandikwa jioni ile ile.

Duniani kote ajali za barabarani huua watu karibu milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Nyuma ya hesabu hiyo mwalimu anaona jambo analolijua kwa karibu zaidi: mtoto ambaye asubuhi hakuitikia jina lake katika daftari la mahudhurio. Walimu wa shule zilizo kando ya barabara kuu hawahitaji takwimu. Wao ndio wanaokwenda msibani, na wao ndio wanaorudi darasani kuwaeleza watoto wenzake kwa nini dawati lina nafasi.

Kwa watumishi wa serikali jambo liko karibu zaidi kuliko wanavyodhani. Katika majengo mengi ya umma mgeni anayefika na gari hufunguliwa geti na kupigiwa saluti. Anayefika na baiskeli, hata akiwa mwalimu mkuu aliyeleta fomu za wanafunzi wake, huulizwa anakwenda kwa nani, kisha huonyeshwa mti nje ya uzio akafunge baiskeli yake huko, kwa dhamana yake mwenyewe. Chuma kilichopindwa na kuchimbiwa chini, cha kufungia baiskeli kumi, ni kazi ya fundi mmoja wa kuchomelea kwa siku moja. Hakihitaji mfadhili wala mshauri mwelekezi, na ziara ya mafunzo Copenhagen haina haja. Mkuu wa idara anaweza kukiagiza leo. Anaweza pia kumkataza mlinzi asimfukuze mwenye baiskeli, na amri hiyo haina gharama hata ya senti.

Dodoma inastahili kutajwa peke yake. Tangu Serikali ilipoamua kwa vitendo kuhamia huko mwaka 2016, mji huo umekuwa ukijengwa juu ya ardhi tupu, na barabara zake zinachorwa upya. Dar es Salaam ina kisingizio cha mitaa iliyorithiwa, nyumba zilizobanana na mifereji ya Wajerumani. Dodoma haina kisingizio hicho. Na baiskeli huko ni chombo cha kila siku cha wananchi wanaotoka vijiji vya kando kuleta maziwa, kuni na mboga. Wakijengewa barabara pana ya njia nne bila ukingo wa kupita, watakuwa wamejengewa ukuta.

Mwaka wa fedha huanza Julai, na miezi mingi kabla ya hapo maofisa wa mipango na wahandisi wa halmashauri huketi kuandaa makisio. Miongoni mwao wamo walioitazama Kigali kutoka mwanzo hadi mwisho. Wanajua ni mizunguko mingapi iliyozungukwa, nani alianguka wapi, na Pogačar alichomoka kilima gani. Michoro ya barabara mpya za mwaka ujao imekunjuliwa juu ya meza zao. Kati ya mstari wa lami na mstari wa mtaro ipo nafasi ya mita mbili, ambayo kwa desturi huandikwa «akiba ya barabara» na kuachiwa magari mabovu. Nafasi hiyo bado haijaandikwa kitu.